Jinsi ya Kumwandika Msichana Mwenye Mdomo: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Vichekesho vya Sekondari

Wengi wanaoandika skripti yao ya kwanza ya vijana huanza na msichana yuleyule. Yuko pembeni, hana kundi, anasoma vitabu ambavyo wenzake hawavijui, na ana mdomo. Ukifika ukurasa wa ishirini mdomo umeyeyuka. Amebaki binti mpole anayesubiri nahodha wa timu ya mpira ageuze shingo. Au mdomo upo lakini umekuwa kero: anamrushia maneno kila apitaye, hadi mtazamaji anaanza kuwahurumia maadui zake.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na yote mawili. Mifano mingi ni ya Marekani, maana huko ndiko mhusika huyu alikolelewa akakomaa, na huko ndiko kuna filamu za kutosha za kulinganisha. Sheria ninayoisimamia ni moja: kila anachosema kikachekesha lazima kimgharimu. Mchekeshaji wa jukwaani hulipwa kwa utani wake. Huyu wetu hulipa.

Hatua ya 1: Kaa na filamu tatu na daftari

Anza na 10 Things I Hate About You ya 1999, kisha Easy A ya 2010, kisha The Edge of Seventeen ya 2016. Zitazame mara ya kwanza kwa raha zako. Mara ya pili chora daftarini safu tatu: kasema nini, nani kasikia, nini kimebadilika. Safu ya kwanza itakuchekesha, ya pili itakushangaza, na ya tatu ndiyo yenye mali. Ukikuta mstari ambao safu yake ya tatu iko tupu, jua kwamba hapo hata waandishi wenye uzoefu walikuwa wanapamba tu.

Tufanye zoezi pamoja kwa dakika za mwanzo za ile ya 1999. Kat Stratford, aliyeigizwa na Julia Stiles, anaonekana kwanza akiwa garini. Pembeni yake limesimama gari la wasichana wa rika lake wakitikisa vichwa kwa wimbo mtamu wa redio. Gari lake kuukuu linapiga Bad Reputation ya Joan Jett, na sauti yake inaumeza ule wimbo wao. Wanamtazama, naye anawatazama. Hajatamka neno, lakini tayari umeshajua yuko upande gani na kwamba hana nia ya kuomba radhi. Anafika shuleni, anachana tangazo la dansi ya kumaliza mwaka. Bado kimya.

Mdomo unafunguka kwenye kipindi cha Kiingereza. Analalamika kwamba wanasomeshwa Hemingway, mlevi na mkorofi kwa wanawake, huku waandishi wanawake wakiachwa. Ni hoja nzuri, na anaisema vizuri. Ndipo mwalimu wake, Bwana Morgan, mtu mweusi anayefundisha watoto wa watu wenye uwezo, anampongeza kwa kejeli kwa kustahimili mateso ya kukulia kwenye mtaa wa matajiri, kisha anamwambia safari ijayo akiwaendea wazazi kudai chakula bora cha shule, awaulize pia kwa nini shule haiwezi kununua kitabu kilichoandikwa na mtu mweusi. Halafu anamtoa nje.

Jaza safu zako sasa. Waliosikia: mwalimu, darasa zima, na mvulana ambaye baadaye tutajua kwa nini Kat anamchukia. Kilichobadilika: katolewa darasani, na mtazamaji kagundua kwamba Kat anaona mbali lakini haoni kila kitu. Kazi yote hiyo imefanywa na kipande kifupi. Mwandishi mchanga angemwacha Kat ashinde mjadala ule na darasa limpigie makofi, na filamu ingekufa palepale.

Hatua ya 2: Jua kilichomtoa kundini

Miwani si sababu. Nywele zisizochanwa si sababu. Kupenda vitabu si sababu pia, maana shule zimejaa wapenda vitabu wenye marafiki tele.

Kuna waliosukumwa nje na kuna waliojiondoa. Andie wa Pretty in Pink, filamu ya 1986, amesukumwa na umaskini: baba hana kazi ya maana, binti anajishonea nguo, na watoto wa matajiri wanaona kila mshono. Ellie Chu wa The Half of It, ya 2020, ni binti wa mhamiaji wa Kichina katika mji mdogo wa jimbo la Washington. Wenzake hawamtaki kwenye sherehe zao lakini wanamlipa awaandikie insha. Huyo wa pili ni mtamu zaidi kimaandishi kwa sababu waliomtenga wanamhitaji, naye anajua bei.

Kat ni wa aina ya tatu, ambayo kwangu ndiyo bora: alijiondoa mwenyewe, lakini baada ya kusukumwa. Zamani alikuwa ndani. Mama yake aliondoka nyumbani, naye katika kipindi hichohicho alifanya jambo na mvulana kwa sababu tu kila mtu alikuwa anafanya. Alipokataa kuendelea, mvulana akamwacha. Akaapa kwamba tangu siku hiyo hatafanya kitu chochote kwa sababu ya wengine. Sasa rudi kwenye ile redio ya garini na lile tangazo lililochanwa uone jinsi vilivyobadilika maana.

Angalia na mahali habari hiyo ilipowekwa. Haiko ukurasa wa kwanza. Inatoka karibu na dansi, filamu ikiwa imeshakwenda mbali, na anaambiwa mdogo wake, Bianca, kwa uchungu, kwa sababu Bianca anakaribia kuangukia mikononi mwa mvulana yuleyule. Siri ya mhusika wako itoke pale tu inapokuwa ni lazima kuitumia.

Kazi ya hatua hii: andika nusu ukurasa wa tukio lililomtoa kundini, kisha usilipige picha kamwe. Libaki kwako. Litaongoza anachokiona cha kuchekesha na anachokikwepa.

Hatua ya 3: Chora ramani ya shule

Mean Girls ya 2004 ina ramani halisi. Msichana mgeni, Cady, anapewa mchoro wa ukumbi wa chakula unaoonyesha nani anakaa meza gani. Tina Fey aliyeandika skripti hiyo hakuanza na hadithi ya kubuni. Alianza na kitabu cha Rosalind Wiseman cha 2002 ambacho kiliandikwa kwa ajili ya wazazi, kuhusu jinsi wasichana wanavyopangana kimadaraja. Yaani ramani ilitangulia, vichekesho vikafuata.

Na mwenye mdomo hasa katika filamu ile si Cady. Ni Janis, mchoraji wa pembeni, aliyepewa jina la mwanamuziki Janis Ian, yule aliyeimba At Seventeen mwaka 1975 kuhusu wasichana wasiochaguliwa. Sijawahi kuacha kufikiri kwamba kuna filamu nzuri zaidi imejificha mle ndani, ambayo Janis ndiye mwenyewe.

Msomaji wa Nairobi ana haki ya kuguna kidogo hapa. Katika toleo la muziki la 2024 Cady ametokea Kenya, na Kenya hiyo ni nyika na wanyama tu, ipo ili wasichana wa Marekani walinganishwe na simba. Hilo ndilo linalotokea ramani inapokuwa upande mmoja imejaa meza na majina na upande wa pili ni tupu.

Ramani yako itategemea shule yako. Sekondari ya Marekani inamruhusu mwanafunzi kuchagua meza, korido, gari la kurudi nalo nyumbani. Huko kutengwa ni kukaa peke yako. Shule ya bweni ya kwetu haina nafasi ya kukaa peke yako: ukitengwa, bado unalala dabodeka moja na aliyekutenga, mnapanga foleni moja ya uji, na jioni mnakaa prepo moja. Kwa mwandishi wa vichekesho hiyo ni hazina. Chora bomba la maji na nani anachota kwanza. Chora mti ulio karibu na ofisi ambapo waliofukuzwa ada husubiri. Andika jina la kiranja wa chakula na anampa nani vipande vya nyama. Kisha weka alama mahali msichana wako anaposimama kila saa ya siku, na ujiulize kutokea hapo anaona nini ambacho wengine hawakioni.

Hatua ya 4: Tafuta mifupa kwenye hadithi ya kale

Hatua hii si ya lazima, lakini waandishi wa Marekani wameitumia sana kiasi kwamba ni ukaidi kuiruka. Karen McCullah Lutz na Kirsten Smith, walioandika skripti ile ya 1999, walichukua tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwanamke mkali anayefugwa. Shule ikaitwa Padua, jina la mji wa tamthilia. Ukoo wa Kat ukaitwa Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare. Hayo ni mapambo. Walichokichukua hasa ni sheria ya nyumbani: mdogo haolewi mpaka mkubwa aolewe. Kwao ikawa Bianca hatoki na mvulana mpaka Kat atoke. Na ili sheria ya karne ya 16 isimame mwaka 1999, wakamfanya baba kuwa daktari wa uzazi, mtu ambaye kila siku kazini anazalisha wasichana wadogo. Ghafla hofu yake ina sura. Tena inachekesha: anamvalisha Bianca tumbo bandia la mimba kabla hajatoka nje ya mlango.

Easy A ilichukua riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya 1850, ambamo mwanamke analazimishwa kuvaa herufi nyekundu kifuani. Olive, msichana wa Easy A, anaishona mwenyewe kwenye nguo zake. Tofauti hiyo moja, ya kulazimishwa na kujishonea, ndiyo filamu yote.

Kwa hiyo ukitafuta mifupa, usitafute visa. Tafuta sheria inayombana mwanamke, kisha uliza binti wa leo angeibanaje sheria hiyo.

Kwa anayeandika Kiswahili, pendekezo langu ni Utendi wa Mwana Kupona. Uliandikwa 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, akimwachia binti yake wasia wa namna ya kuishi na watu na kumstahi mume. Hebu fikiria darasa la fasihi, mwalimu ameagiza kila msichana aghani beti kumi mbele ya wenzake, na zamu imefika ya yule wa dawati la nyuma. Hawezi kuukejeli utendi wenyewe, maana ni mzuri na yeye anajua ni mzuri. Hawezi pia kuukubali wote. Anaandika majibu ya binti, kwa mizani ileile, vina vilevile. Mwalimu hawezi kumwadhibu kwa kosa la kanuni kwa sababu kanuni hajaivunja hata moja. Skripti iko hapo, ichukue anayeitaka.

Hatua ya 5: Mpe ulimi wake, si wa filamu uliyoitazama

Hapa ndipo skripti nyingi za Kiswahili zinapoanguka, na tutakaa kidogo.

Binti wa Kimarekani humjibu mwalimu waziwazi. Ukimhamisha alivyo ukampeleka shule ya Tanga au Machakos, anakuwa mtovu wa adabu tu, na mtazamaji anaungana na mwalimu. Kejeli ya Kiswahili ina njia nyingine. Inapita ndani ya heshima. Kadiri maneno yanavyokuwa ya adabu ndivyo yanavyochoma, na anayechomwa hana pa kushika.

Tazama mfano mbaya kwanza. Zuhura amechelewa kipindi.

MWALIMU: Kwa nini umechelewa?
ZUHURA: Kwani wewe hujawahi kuchelewa? Ndiyo maana mpaka leo hujapandishwa cheo.

Hili ni tusi lililovalishwa nguo za utani. Limetoka hewani. Lingeweza kusemwa na mtu yeyote, popote, kwa mwalimu yeyote. Safu ya tatu itasema kachapwa au kafukuzwa, basi. Sasa jaribu hivi:

MWALIMU: Zuhura. Saa ngapi sasa?
ZUHURA: Shikamoo mwalimu.
MWALIMU: Marahaba. Nimekuuliza saa.
ZUHURA: Ya ukutani, mwalimu, au ya mkononi kwako?
(Darasa linageuka kutazama. Saa ya ukutani imekufa. Inasema saa moja na nusu.)
MWALIMU: Ya ukutani.
ZUHURA: Basi nimewahi, mwalimu. Nimewahi tangu muhula uliopita.
(Darasa linacheka. Mwalimu anasubiri kicheko kiishe.)
MWALIMU: Vizuri sana. Chukua fagio. Utafagia uwanja mpaka hiyo saa ifike saa mbili.

Zuhura hakupaza sauti. Kaamkia, kaita mwalimu kila alipofungua kinywa, kauliza swali halali. Utani wake umetoka kwenye kitu kilicho chumbani, kitu ambacho darasa zima limekizoea hadi halikioni tena. Yeye bado anakiona, na ndiyo tabia yake. Utani huo pia umesema jambo kuhusu shule bila hotuba. Kisha mwalimu kamjibu kwa kipimo chake mwenyewe, na Zuhura hana la kusema kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua saa. Uwanja anaufagia. Na tangu sasa saa ile iliyokufa ni mali yako: unaweza kuirudia mara mbili zaidi katika filamu, na safari ya mwisho mtu aipandie ngazi aitie betri.

Zoezi lake ni hili. Orodhesha vitu vilivyoharibika au visivyo na maana katika kila chumba unachokipiga picha: kengele, ubao wa matangazo, kauli mbiu ukutani, sanduku la maoni lililopotea ufunguo. Kila utani utoke humo au utoke kwenye neno alilolisema mwenzake sekunde moja iliyopita. Ukiweza kuuhamisha utani huo ukaupeleka onyesho jingine na bado ukachekesha, ufute.

Kuna njia za kusema bila kusema ambazo Wamarekani hawana. Kat alihitaji gari na redio. Msichana wa bweni anahitaji kamba ya kuanikia na kanga. Anaianika kanga yenye maandishi "Mtasema mchana, usiku mtalala" mbele ya dirisha la chumba cha viranja, upande wa maandishi ukiwa kwao, na anakwenda zake darasani. Waandishi wetu wanaokulia kwenye taarabu na mipasho halafu wanaazima vijembe vya Los Angeles hunishinda kuwaelewa.

Kuhusu lugha ya mitaani, tahadhari. Sheng ya mwaka huu itakuwa ya wazee filamu yako ikitoka. Daniel Waters alipoandika Heathers, iliyoonyeshwa sinema za Marekani mwaka 1989, alibuni misemo yake mwenyewe badala ya kunasa ya vijana wa wakati ule, na hadi leo wahusika wake hawasikiki wa zamani kama wenzao. Buni maneno matatu au manne ambayo ni ya shule yako tu. Yatumie kwa mazoea, bila kuyaeleza.

Hatua ya 6: Panga gharama zipande

Ukishapata utani mmoja wenye gharama, panga mfululizo ambamo kila bei ni kubwa kuliko iliyopita. Hakuna filamu iliyofanya hili kwa usafi kuliko Easy A, iliyoandikwa na Bert V. Royal na kuongozwa na Will Gluck.

Olive Penderghast hataki kwenda kupiga kambi na familia ya rafiki yake. Anadanganya kwamba ana miadi. Wikendi nzima yuko nyumbani anaimba na kadi ya salamu inayotoa muziki ikifunguliwa. Jumatatu, rafiki anambana chooni, na ili amalizane naye anakubali uongo mkubwa zaidi, kwamba alilala na mwanaume. Aliyesikia ni msichana mlokole wa shule nzima. Hiyo ndiyo bei ya kwanza: jina. Olive analipa kwa mzaha, hata anafurahia kidogo kwamba hatimaye anaonekana. Bei ya pili: mvulana anayeonewa anamwomba ajifanye amekuwa naye ili wamwache. Anakubali kwa huruma. Bei ya tatu: wengine wanakuja na kadi za zawadi za maduka, wanataka nao jina lake litumike. Sasa huruma imekuwa biashara. Bei ya nne: anabeba lawama ya siri ya mtu mzima, na siri hiyo inapolipuka inavunja ndoa ya mwalimu anayempenda kuliko wote.

Kila ngazi Olive bado anachekesha. Hilo ni muhimu. Mtazamaji anacheka na huku anahesabu deni. Utajua umefaulu pale msomaji wa skripti yako atakapocheka halafu akasema, aa, hapo kakosea.

Kwa mtayarishaji mwenye mfuko mdogo, kuna habari njema: filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 8 na kuingiza takriban milioni 75. Kwa Hollywood dola milioni 8 ni pesa ya chai, na sababu iko wazi ukiitazama: madarasa, jikoni, korido, na msichana anayezungumza na kamera ya kompyuta chumbani kwake.

Hatua ya 7: Weka mtu mmoja anayemzidi

Asipokuwepo, msichana wako anakuwa mjuaji. Kwa Kat ni Bwana Morgan. Kwa Nadine wa The Edge of Seventeen ni mwalimu aliyeigizwa na Woody Harrelson, ambaye anasikiliza tamthilia zote za binti huyo huku chakula chake cha mchana kikipoa, na anamjibu kwa ukavu unaomkata pumzi. Kwa Olive ni wazazi. Anapowaeleza kwamba ameitwa ofisini kwa kusema neno chafu, baba hagombi. Anamwambia aliandike kwa njegere zilizo kwenye sahani. Tunajua papo hapo mdomo wake ameurithi wapi, na kwamba kuna nyumba moja duniani ambako si mgeni.

Kwa kwetu, bibi. Sihitaji kueleza zaidi. Kila mtu ana bibi wa namna hiyo au amemsikia wa jirani. Ila asiwe bibi wa kutoa hekima. Awe wa kumnyamazisha.

Hatua ya 8: Tayarisha siku mdomo unapokwama

Filamu ya aina hii ina onyesho moja ambalo kila kitu kinalielekea: yule mwenye jibu kwa kila jambo anakosa jibu. Wengi huliandika kama onyesho la machozi na kusahau kwamba limeandaliwa.

Rudi kwa Kat. Katikati ya filamu Bwana Morgan anaghani soneti ya 141 ya Shakespeare na kuagiza kila mwanafunzi aandike yake. Kat anauliza kwa dhati kama waifuate mizani ya asili. Mwalimu anashtuka: hupingi? Kat anasema hapana, anaona ni zoezi zuri. Mwalimu anaamini anachezewa, anamtoa nje. Ukumbi wa sinema unacheka, lakini tazama kilichotokea. Amesema ukweli, na hakuna aliyeuamini, kwa sababu kejeli zake zote za nyuma zimefika kudai malipo kwa mkupuo.

Ndiyo maana anaposimama baadaye kusoma shairi lake, orodha ya mambo anayoyachukia kwa Patrick, mvulana mwingine aliyempenda baadaye, aliyeketi palepale darasani, tunajua anachohatarisha. Anaanza na vitu vidogo: jinsi anavyozungumza, nywele zake, anavyoendesha gari. Sauti inapasuka. Mistari ya mwisho inakiri kwamba hamchukii hata kidogo, na anatoka darasani, safari hii bila kutolewa na mtu.

Basi andika maonyesho mawili, si moja. La kwanza anasema kweli na haaminiwi. Liandike liwe la kuchekesha. La pili, mbali kidogo, anasema kweli tena na anaaminiwa, na asiwe na utani wa kujifichia. Ukiwa na la pili peke yake utapata machozi ya kuazima.

Hatua ya 9: Malizia bila kumbadilisha sura

Usimvue miwani ashuke ngazi akiwa na gauni huku muziki ukipanda. Kama ni lazima avae gauni, avae kwa sababu zake na alilalamikie.

Swali la nani anampata nani si dogo kama wakosoaji wanavyodai. Pretty in Pink ilipigwa picha awali Andie akiishia na rafiki yake mcheshi, Duckie. Watazamaji wa majaribio hawakupenda, mwisho ukapigwa upya, akaishia na mvulana tajiri. Watu wanaubishania hadi leo. Mimi naona kasoro yake haiko kwa mvulana aliyechaguliwa: katika dakika zile za mwisho Andie hasemi chochote ambacho ni yeye tu angeweza kukisema.

Linganisha na Kat. Patrick, yule wa shairi, aliyemuumiza, anamwachia gitaa ndani ya gari lake. Anaguswa, ndiyo, lakini anaanza palepale kumweleza kwamba hawezi kununua gitaa kila atakapovurunda. Mvulana anambusu, yeye anaendelea na hoja yake. Anapendwa na bado anabishana, na wala hatuna shaka kesho atabishana tena.

Hatua ya 10: Isomeni kwa sauti kabla ya kamera

10 Things ina dakika 97, Easy A dakika 92. Kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja kwa dakika, skripti yako isivuke sana kurasa mia. Tafuta wasichana watano au sita wa rika la mhusika, si waigizaji wa miaka thelathini, wape nakala zilizochapwa, waketi duara, na wewe usisome nafasi yoyote. Shika kalamu. Wakicheka weka nukta. Wakicheka halafu mmoja akamtazama mwenzake, weka nukta mbili. Hapo umegusa kitu cha shuleni kwao. Mahali wanapojikwaa ulimi, sentensi hiyo umeifikiria kwa Kiingereza, iandike upya jioni hiyohiyo. Na yule atakayebadilisha mstari wako bila kujua, akausema kwa namna yake na wenzake wakaanguka kicheko, mwombe aurudie polepole, uandike alivyousema, kisha umwulize jina lake linaandikwaje, kwa sababu litahitajika kwenye orodha ya walioshiriki kuandika.